Ilimba haikosei noti: chuo cha sanaa kinatafuta nini kwenye tuzo za muziki wa asili?

Chukua ilimba ya Wagogo wa Dodoma, kisanduku cha mbao chenye ndimi za chuma zinazodonolewa kwa vidole, washa kwenye simu ile programu ya kutyunia gita, kisha donoa ulimi mmoja baada ya mwingine. Sindano haitulii. Ulimi wa kwanza unawaka kijani, wa pili unayumba, ukifika wa nne skrini yote nyekundu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atachukua nyundo ndogo, auvute ule ulimi mpaka simu iridhike, na akishamaliza ilimba imekufa. Kilichobaki mkononi ni kinanda kibovu cha mbao.

Sababu yake inahesabika. Piano imeikata oktava vipande 12 vilivyo sawa, kila kipande senti 100 (senti hapa ni kipimo cha umbali kati ya noti, si fedha), kwa hiyo kutoka noti hadi noti unapata 100, 200, 300, na katikati hapana kitu. Wagogo hawakukata. Noti zao tano zinatokana na sauti za asili zinazojificha ndani ya uzi mmoja, kuanzia ya nne hadi ya tisa, na hatua zake zinakuja takriban 204, 182, 316, 267 na 231. Ukijumlisha unapata 1,200, oktava nzima. Kila fundi ana sikio lake, kwa hiyo namba hucheza kidogo, lakini ile 267 ndiyo inayowachanganya watu. Kwa sikio la piano ni 300 iliyopungua au 200 iliyozidi. Kwa sikio la Dodoma ndipo utamu wa wimbo ulipo.

Sasa mkalishe mezani jaji aliyesomea piano peke yake, umpe karatasi yenye kisanduku cha "usahihi wa noti, alama 20". Kikundi kilichokulia kwenye zeze kitaambulia 11. Vijana waliotyuni zeze lao kwa simu watapewa 18. Tuzo imekwenda kwa aliyeharibu, tena mbele ya kamera, na msimu ujao vikundi vingine vitamfuata yeye. Ndiyo maana swali la kwa nini vyuo vya sanaa vijihusishe na tuzo za muziki wa asili halianzii kwenye fedha wala kwenye "kuenzi utamaduni". Linaanzia kwenye sikio. Tuzo ni kipimo, na mtu anayejua kipimo cha ilimba, cha nyatiti ya Waluo wa Kenya na cha udi wa taarab, kila kimoja kwa desturi yake, hapatikani kwa tangazo la wiki mbili. Analelewa, na pa kumlelea ni chuoni.

Kwetu vyuo vyenyewe vimezaliwa na ngoma. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilifunguliwa 1981 kwa kutegemea wasanii wa vikundi vya taifa vya ngoma, maigizo na sarakasi. 2007 kikawa wakala wa serikali, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa. Hukwe Zawose, Mgogo wa zeze na ilimba aliyesikika dunia nzima, aliishi na kufundisha mji huo huo mpaka alipofariki Desemba 2003. Zanzibar kuna Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichokaa miaka mingi kwenye jengo la zamani la forodha, barabara ya Mizingani, kikifundisha taarab na kidumbak sambamba na kusoma noti. Kenya wamepita njia nyingine: wao wana tamasha la muziki la mashule linalohesabu umri wake tangu 1927, na viti vya majaji vimejaa walimu na wahadhiri wa muziki. Kwa hiyo uhusiano upo siku nyingi. Kasoro yake ni kwamba mara nyingi chuo kinaalikwa kama nembo kwenye bango, hakiulizwi chochote kuhusu karatasi ya alama.

Matokeo yake unayaona kwenye majina ya vipengele. Tuzo za muziki Tanzania, zile tulizozoea kuziita Kili, zilikuwa na kipengele cha wimbo wenye vionjo vya asili. Vionjo! Yaani chungu chenyewe hakina kipengele, mchuzi ulioonjeshwa chungu ndio unaoshindana. Sina ugomvi na wanaochanganya filimbi na midundo ya studio, wengine wanafanya vizuri sana, ila mpiga marimba wa kijijini hawezi kushindana kwenye kipengele cha ladha yake mwenyewe.

Chuo kinapata nini, basi? La kwanza ni mwanafunzi. Mzazi anayelipa ada anauliza swali moja tu: zeze litamlisha? Kinanda kina jibu, harusi zipo kila Jumamosi. Zeze halina jibu la haraka, na darasa la zeze linaanza na watu 8 Januari, linafika Juni na 2. Tuzo inayotolewa kila mwaka, tarehe ileile, yenye kipengele cha mpigaji chini ya miaka 25, inampa kijana kitu cha kukifanyia mazoezi na inampa mzazi kitu cha kukiona. Tuzo ya mara moja kila miaka minne haisaidii, kwa sababu mwanafunzi wa stashahada ameshaingia na kutoka.

La pili ndilo zito, nalo ni cheti. Chuo kilichosajiliwa kinaulizwa vyeti vya walimu wake. Mzee anayejua tungo 200 za msunyunho, uimbaji wa Wagogo, hana cheti, na mhasibu hana kifungu cha kumlipia. Bi Kidude, mwimbaji wa taarab na unyago wa Zanzibar, alipewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki, mwaka 2005 akiwa bibi mzima, na hakuna chuo cha muziki ambacho kingemwajiri kwa karatasi zake. Tuzo yenye uamuzi ulioandikwa, wenye majina ya majaji na maelezo ya kwa nini mtu huyu ni bingwa, ni waraka unaoweza kuwekwa kwenye faili. Kwa huo mkuu wa idara anaweza kuombea mkataba wa mwalimu mgeni. Ndiyo maana naona karatasi ya maelezo ya majaji ni kubwa kuliko kombe. Iandikwe nusu ukurasa kwa kila mshindi, ikitaja ala, mtindo, lugha na ufundi uliomshindisha, isainiwe, nakala apewe mshindi. Wengi hawaandiki. Kombe linakaa kabatini, na mwaka ukipita hakuna anayeweza kueleza lilitolewa kwa nini.

Zipo tuzo zilizolielewa hili tangu mwanzo. Tuzo za Muziki za Aga Khan, zilizotolewa mara ya kwanza Lisbon 2019 na mara ya pili Muscat 2022, ziliweka ufundishaji na uhifadhi kama sababu za kumtunuku mtu, si uimbaji jukwaani tu, na mfuko wake wa dola 500,000 huambatana na nafasi za kazi na mafunzo. Miongoni mwa waliotunukiwa Muscat alikuwamo Yahya Hussein Abdallah wa Tanzania, msomaji wa Kurani na mtunzi wa nyimbo za ibada. Mtu wa namna hiyo asingeonekana kwenye tuzo inayohesabu kura za simu.

Karatasi ya alama

Hapa ndipo chuo kinaweza kutoa mchango bila kutoa senti. Karatasi nyingi zinazozunguka zimeazimwa kwenye mashindano ya kwaya: sauti, usahihi wa noti, mwendo, mwonekano jukwaani, mavazi. Mavazi na mwonekano vikipewa 30 kati ya 100, kikundi chenye sare mpya kinaanza kikiwa mbele kabla hakijagusa ngoma. Mgao ninaoona unasimama ni huu: ufundi wa ala 25, mpatano wa sauti kwa kipimo cha jadi husika 20, maneno na lugha 20, maelewano kati ya mpigaji, kiongozi na waitikiaji 20, ujuzi wa chimbuko la wimbo 10, mavazi 5. Ule wa chimbuko unapimwa kwa mahojiano ya dakika tano kabla ya onyesho, kwa lugha ya kikundi. Wimbo unaimbwa lini, nani aliruhusiwa kuuimba, nani aliwafundisha. Wasipimwe kwa ufasaha wa Kiswahili.

Majaji wawe watano na mmoja wa akiba. Alama ya juu kabisa na ya chini kabisa zinaondolewa, tatu zilizobaki zinagawanywa kwa tatu. Tuseme kikundi kimepata 62, 71, 73, 74 na 90. Wastani wa wote ni 74, lakini ukiondoa 62 na 90 unabaki na 72.67. Mwamba ngoma huvutia ngozi kwake, na yule aliyetoa 90 huenda ni wa kwao. Jaji wa akiba asikilize kila kikundi tangu cha kwanza na ajaze karatasi kama wengine, kwa sababu mwalimu akifika zamu ya mwanafunzi wake lazima atoke mezani. Kutamka tu kwamba "huyu ni mwanafunzi wangu" kisha kuendelea kukaa hakutoshi. Bila wa akiba unabaki na wanne, ukiondoa wa juu na wa chini wamebaki wawili, na wawili wakitofautiana hakuna wa kuamua.

Mmoja kati ya watano awe mwenye lugha na ngoma hiyo, mwenye kura kamili. Kuna mtindo wa kumkaribisha mzee kama "mshauri", anapewa soda na kiti cha pembeni. Mshauri bila kura ni pambo.

Kabla ya siku yenyewe majaji wakae siku moja nzima wasikilize rekodi 6 ambazo hazishindani, kila mtu ajaze alama peke yake, kisha karatasi zifunuliwe pamoja. Tofauti ikiwa kubwa kwa kipengele kimoja, kuna mtu hajaelewa kipengele hicho, na ni bora ijulikane leo. Chumba, spika nzuri na maktaba ya rekodi: hivyo chuo kinavyo tayari.

Fundi mitambo anapoua nyatiti

Nyatiti, ala ya nyuzi yenye kisanduku cha ngozi, ina nyuzi 8, lakini ukiweka maiki moja mbele ya nyuzi umeichukua nusu yake. Mpigaji anakaa kwenye kigoda kifupi, ala imelazwa ubavu, na kidole gumba cha mguu wa kulia kimevaa pete ya chuma, oduong'o, inayogonga ukingo wa ala na kutoa mdundo. Mguuni kuna njuga, gara. Kwa hiyo ziwekwe maiki tatu: ya kwanza usawa wa ngozi ya kisanduku, ya pili chini karibu na pete, umbali wa kiganja kimoja hivi, ya tatu ya mdomo. Ukisahau ile ya chini, mpigaji aliyekuwa bendi nzima anasikika kama mtu anayebembeleza gita dogo. Jaji anaandika "mdundo hafifu", na kosa si la mpigaji.

Ilimba ina mtego wake. Kwenye kisanduku kuna matundu yaliyozibwa kwa utando wa buibui, na utando huo ndio unaotoa mvumo wa nyuki unaofunika kila noti. Fundi asiyeijua atasikia mvumo, atadhani waya umelegea, atabadilisha kebo mara mbili, mwisho atakata sauti za juu kwenye mtambo. Amekata ilimba yenyewe. Mwanafunzi mmoja wa chuo akikaa ubavuni mwa mtambo na orodha ya ala na sauti zake za haki, kosa hili halitokei. Kazi hiyo haina heshima ya jukwaa, lakini ndiyo inayookoa usiku.

Kanuni, ala ya taarab inayolazwa mapajani, ina nyuzi 78 katika safu 26, tatu tatu. Hewa ya pwani ikibadilika inatoka kwenye mstari, na kuirudisha ni saa nzima ya ukimya, si dakika kumi nyuma ya pazia huku mshereheshaji akijaribu maiki. Itengewe chumba. Tena atakayehakiki mpatano wake asitumie ile programu ya gita: noti ya tatu ya Rast, mojawapo ya makamu (ngazi za noti) za Kiarabu, haiko kwenye piano, ipo kati ya noti ya tatu ya meja na ile ya maina, na vile vibao vidogo vya chuma kushoto kwa mpigaji vimewekwa kwa ajili ya noti za namna hiyo.

Ngoma za ngozi zinataka moto. Hoteli haitaki moto. Ugomvi huu hutokea karibu kila mwaka na suluhisho lake ni rahisi: eneo la wazi nyuma ya ukumbi, makuti au nyasi kavu, ndoo mbili za mchanga, na mtu wa ukumbi aliyeambiwa mapema. Ngozi ipashwe dakika za mwisho kabla ya zamu, kwani iliyopashwa saa kumi na mbili jioni ikipigwa saa tatu usiku karibu na bahari imeshakula umande na imelegea. Ratiba ikichelewa, kikundi kiambiwe ili kirudi motoni. Wakipanda na ngoma zilizolala, mpigaji atagonga kwa nguvu mara mbili, mwendo utakimbia, na alama za maelewano zitaanguka pamoja nao.

Muda nao. Dakika nne zinatosha wimbo wa redio. Ngoma inayoanza kwa wito, ikajibiwa, ikapanda taratibu, katika dakika ya nne bado inapiga hodi. Dakika 12 ni za haki. Lakini 12 za kupiga na 8 za kubadilisha ni vikundi 3 kwa saa, jioni ya saa tano ni vikundi 15, hakuna kimoja zaidi. Maana yake mchujo lazima ufanyike huko huko vikundi vilipo, na hapo ndipo chuo kinatuma wanafunzi wawili wawili na mashine ya kurekodia. Warekodi kwa faili lisilobanwa, WAV, 48 kHz, biti 24, stereo: saa moja ni kama gigabaiti 1. Wasipokee rekodi za WhatsApp kwa mchujo. Zimebanwa, mvumo wa ilimba umeshapotea, na kikundi chenye simu ya bei kinashinda kikundi chenye ngoma.

Kwenye safari hiyo hiyo ijazwe fomu ya ukurasa mmoja: kijiji, lugha, majina ya ala kwa lugha ya wenyewe, nani alimfundisha nani, wimbo ni wa shughuli gani, na ruhusa. Ruhusa ivunjwe vipande vitatu, maana watu huridhia kimoja wakakataa kingine: kurekodiwa kwa mchujo, kutunzwa maktaba ya chuo, kuwekwa mtandaoni. Nyimbo za jandoni na unyagoni zina wenyewe. Bi Kidude alikuwa somo mwenye mamlaka ya kuutoa unyago ndani ukafika jukwaani. Mwanafunzi mwenye kinasa sauti hana mamlaka hayo. Akiambiwa usirekodi, azime, aandike kwenye fomu "hairuhusiwi", asishushe alama.

Fedha nitazipitia haraka. Zawadi ya shilingi milioni 3 kwa kikundi cha watu 15 ni laki mbili kila mmoja, kabla ya nauli. Nauli, malazi na chakula vilipwe nje ya zawadi na vilipwe mapema, la sivyo watashinda wa mjini kila mwaka kwa sababu ndio walioweza kufika. Sehemu ya zawadi iwe kazi: wiki 8, saa 3 kwa wiki, mshindi anafundisha wanafunzi wawili tu kwa saa 24 zinazolipwa. Wawili, si darasa la 30, kwa sababu zeze linafundishwa kwa kuangalia vidole.

Kuna baya moja chuo kinalileta chenyewe. Vikundi vya wanafunzi vinajua jukwaa, vinaingia kwa mstari na kutoka kwa mstari, vinatunza muda vizuri. Vikiruhusiwa kushindana na vikundi vya vijijini vitashinda, na chuo kitajikuta kinamshinda mwalimu wake. Wawe na kipengele chao, na waliowafundisha watajwe kwenye tangazo la mshindi.

Ukiachwa nafasi ya kipengele kimoja tu cha kuombea, naombea ala zilizo karibu kupotea, na mfano wangu ni bigwala za Busoga, Uganda. Ni tarumbeta za vibuyu, tano au zaidi kwa seti, kila moja ina noti moja, hivyo ukipungukiwa mpigaji mmoja wimbo una pengo. UNESCO iliziorodhesha 2012 kama urithi unaohitaji kuokolewa haraka. James Isabirye wa Chuo Kikuu cha Kyambogo aliyeshika kazi ya kuzifufua alikuta tatizo lisilohusu muziki hata kidogo: vibuyu vyenyewe vilikuwa vimeacha kulimwa, ikabidi kuanza na mbegu. Kibuyu kinakaa shambani miezi, kisha kinakauka, ndipo kinakatwa na kuunganishwa. Tuzo ya Desemba inayotangazwa Oktoba haimpati mpigaji hata mmoja wa ala ya namna hii. Tangazo litoke kabla ya mvua.